Mwanangu, Kyela umefika?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu mama yako akiwa pembeni anachambua maharage na kuguna. Kwenye simu mimi naandika kama kuku anayedonoa, herufi moja moja, kwa hiyo nimeshika kalamu. Barua ipo juu kabisa kwenye gunia la viazi, nimeizungushia gazeti. Mtu wa basi atakupigia mzigo ukifika Mbezi. Usiwaachie gunia lilale pale, viazi vya Uyole vinajulikana.

Umeuliza hivi: umeandika programu za kompyuta kwa lugha ya PHP miaka sita, vijana walioajiriwa juzi wanaongea lugha ya Python tu, na akili mnemba inaandika hizo kodi kabla mtu hajamaliza chai (mimi kodi ninayoijua ni ya TRA, lakini sawa). Je, umechelewa? Uache unachokijua uanze upya?

Nitakujibu. Ila kuna sentensi moja uliipitisha haraka haraka katikati, kama mtoto anayepita sebuleni kaficha kikombe kilichovunjika. Ulisema: "Siku hizi nabandika jibu, inakubali, naendelea. Hata kwa nini imekubali sijui." Mama yako ndiye aliyesema, "Rudisha hapo." Tukarudisha.

Unajua nisemacho: kilichopona chenyewe kitaugua chenyewe.

Habari ya mzee wa Kyela mmeikariri. Nyumba hii mtu akiharakisha jambo anaulizwa, "Kyela umefika?" na hata wajukuu wanauliza bila kujua inatoka wapi. Lakini mnayoijua nyie nimeipunguza. Leo nakupa nzima.

Ilikuwa 1993, mwezi wa sita, wewe hujaanza hata kutembea. Mzee aliniletea kibandani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, redio iliyoanguka. Waya wa betri ulikuwa umeng'oka kwenye bodi, kazi ya dakika kumi. Nikachoma risasi, nikafunika, ikaimba. Baba yako mdogo alikuwa na miaka kumi na sita, kazi yake kunishikia taa. Akainama, akasema, "Kaka, hapa pamepauka. Hapang'ai kama pale." Nikamwambia, "Shika taa."

Risasi iliyoshika vizuri inang'aa kama jicho la samaki wa leo. Ikipauka, haikupata joto la kutosha, imekaa juu juu tu. Nilikuwa nalijua hilo miaka kumi kabla yake. Lakini kuambiwa na mtoto mbele ya mteja!

Baada ya wiki tatu mzee karudi. Redio inakatika mchana. Naiwasha, inaimba. Naipiga kofi, inaimba. Nikamwambia mawe yake mabovu, nikamuuzia mengine. Karudi tena. Inaimba. Nikamwambia, mzee wangu, unafungulia sauti kubwa mno. Mara ya tatu sikumbuki hata nilimwambia nini, nakumbuka tu kwamba niliongea kwa sauti ya juu, na vijana wa kibanda cha jirani wakacheka. Yeye akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaibeba redio yake kwenye kanga, akaenda kupanda basi.

Mama yako ndiye aliyesema, "Si umfuate?"

Nikamfuata Jumamosi. Isongole ukungu, madirisha ya basi yanatoa jasho, nimevaa koti na sweta ndani. Tukuyu nikavua koti. Kufika Kyela sweta nayo iko begani na shati limenigandia mgongoni. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela kama 500. Hayo nilifundishwa shuleni, lakini mgongo wangu ulikuwa haujafundishwa.

Redio ilikuwa juu ya stuli, chini ya paa la bati. Inaimba. Nikaanza kujisikia vizuri, Mungu anisamehe. Tukaletewa wali na samaki mbasa, tukala. Saa saba kamili ngoma ya taarifa ya habari ikalia, mtangazaji akafungua kinywa, redio ikanyamaza.

Mzee hakunigeukia hata. Akasema, "Umesikia?"

Nikafungua na bisibisi. Nikagusa ule mguu wa waya kwa kijiti cha kiberiti, mtangazaji akaendelea na habari zake. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka pale pale palipopauka. Joto likipanda, bodi inatanuka, ufa unafunguka. Kibandani kwangu, kwa baridi ile ya Juni, kila kitu kimejikunyata, ufa umefungika, redio nzima. Ningeipima Mbeya mpaka leo isingeniambia kitu. Umeme hakuna, basi nikapasha msumari kwenye makaa ya jikoni kwake, nikachoma upya. Pakang'aa.

Mpaka hapo mnaijua. Msichokijua ni kwamba hela ya yale mawe nilikuwa nayo mfukoni, nimeitoa nyumbani makusudi nimrudishie. Sikumrudishia. Kuitoa kungekuwa kusema kwa mdomo wangu, na mdomo ulikataa. Yeye akanifungia mchele wa kupeleka nyumbani, nami nikaupokea.

Sasa wewe. Ule mfumo wenu wa mawakala, uliniambia wanalalamika unakwama, na wewe ukiujaribu ofisini hauna tatizo. Ukasema, "Baba, kwangu inafanya kazi." Mwanangu, kwako ni Mbeya. Una simu mpya na intaneti ya ofisi. Umewahi kukaa na wakala mmoja dukani kwake, na simu yake yenye kioo kilichopasuka, ukamwangalia anavyobonyeza mara tatu kwa sababu ya kwanza haikuonyesha kitu? Nauliza tu. Wala usinijibu mimi.

Na ile Krismasi uliponionyesha Git, programu ya kutunza kumbukumbu za kodi zenu. Ukaniambia aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, kwamba inatunza kila badiliko, nani kafanya, lini, na sababu aliyoiandika. Nilifurahi, nikaona hatimaye kuna watu duniani wamelielewa daftari langu. Nikakuomba nisome sababu zako. Zilikuwa: "marekebisho". "Marekebisho tena". "Sasa sawa". Nilicheka na wewe. Usiku nikafungua daftari la 1993. "Redio, mzee wa Kyela. Imetengenezwa." Chini kidogo, "Imetengenezwa." Ukurasa unaofuata, "Imetengenezwa." Mwandiko mzuri kabisa.

Baada ya pale nilichora mistari: imeonyesha nini, nimegusa nini, kwa nini imepona. Safu ya tatu ikinishinda nilikuwa naiacha wazi. Siandiki uongo, siandiki "sawa". Masika wateja wakiadimika nilikuwa narudia zile nafasi wazi, natafuta bodi mbovu ya aina ile ile, naiharibu makusudi nione. Ufundi wangu mwingi nimeupata kwenye zile nafasi wazi kuliko kwa mtu yeyote aliyenifundisha. Basi mashine ikikupa jibu likakubali, litumie, siwezi kukukataza, ila hiyo safu ya tatu iache wazi mpaka uijaze wewe. Kilichopona chenyewe kitaugua chenyewe.

Lakini ngoja nijibishane mwenyewe, maana najua utakachosema. Ningekaa na kila redio mpaka nijue sababu, nyie mngekula nini? Kweli. Redio nyingi nilizipiga kofi zikaimba, nikachukua hela, na ada zenu za shule zina makofi hayo ndani. Bosi wako naye anataka kazi Ijumaa, hataki falsafa za fundi wa Mwanjelwa. Sasa ipi ya kukaa nayo na ipi ya kupiga kofi? Mimi nilikuwa nasema ile inayorudi mara ya pili. Ila wewe zako zikirudi hazibebwi kwenye kanga. Zinarudi kwa watu elfu kwa siku moja. Kwa hiyo labda kanuni yangu haikutoshi. Sijui. Hapo fikiri mwenyewe.

Na kuna hili pia, ambalo mama yako amenilazimisha niandike. Simu za mkononi zilipoanza kujaa, baba yako mdogo aliniomba tujifunze pamoja. Nikamwambia simu ni midoli, redio ndiyo kazi. Yeye akaenda. Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 wote tulipoteza vifaa. Yeye aliinuka na simu. Mimi niliinuka na redio ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua. Kwa hiyo ukisikia nakwambia "baki na PHP", jua ni nani anayekwambia.

Hata hivyo nilimwomba kijana wa jirani aniangalizie. Python ilitoka 1991. PHP 1995. Sasa unamwacha mdogo unamkimbilia kaka mtu, halafu unasema unafuata mapya! Nilitaka tu ulijue hilo. Sijasema usiende. Sijasema nenda. Ukinibana sana nitasema, na mama yako anajua nitasema nini, ndiyo maana ananikodolea macho hapa nisiandike.

Mpigie baba yako mdogo, yupo Tunduma, Jumapili mchana anakuwa nyumbani. Yeye atakupa jibu la moja kwa moja, hana hadithi. Na ukimpigia, mchomekee tu katikati ya maongezi: ile redio ya mzee wa Kyela, anakumbuka alichoniambia siku ile alipokuwa ameshika taa? Mimi sijawahi kumuuliza.

Baba yako