Daraja la kwanza pekee halitoshi kuipima Ilboru

Mkuu, umeuliza kama wingi wa daraja la kwanza unaonyesha kuwa sekondari ya Ilboru, Arusha, inafundisha vizuri. Hapana, hauonyeshi. Ni shule ya vipaji maalumu kama Kibaha na Mzumbe: vijana wanachaguliwa kwa alama za juu za darasa la saba, kwa hiyo daraja la kwanza kwao ni kitu cha kutegemewa.

Angalia pointi. Kidato cha nne daraja la kwanza linaanzia 7 hadi 17 kwa masomo saba bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo wani (daraja la kwanza) ya 7 ni A saba. Ya 17 inaweza kuwa B nne na C tatu. Pengo hilo ni kubwa, ila kwenye jumla wote wanahesabiwa sawa. Kisha shuka chini ya ukurasa wa matokeo wa NECTA (Baraza la Mitihani), kwenye jedwali la ufaulu kwa somo. GPA (wastani wa pointi) ndogo ndiyo nzuri. Linganisha Hisabati na Fizikia kwa miaka mitatu au minne. Somo moja likishuka ghafla huku mengine yametulia, uliza habari za mwalimu wa somo hilo.

Usichanganye na matokeo ya kidato cha sita. Wanafunzi wale wengi wametoka shule nyingine, wamepangiwa upya na TAMISEMI, wizara inayowapangia shule.

Orodha za "kumi bora" zinazozunguka WhatsApp puuza, NECTA iliacha kuzitangaza tangu Januari 2023. Ilinganishe Ilboru na shule nyingine za vipaji, si na shule ya kata.