Maswali yenu: kuhesabu watu kwa kazi wanayofanya

Nina listi ya wafanyakazi 240, bosi anauliza tunatosha au hatutoshi. Naanzia wapi?

Hiyo 240 iweke pembeni kwanza, yenyewe haikwambii kitu. Wapange kwa kazi, na hapa ndo pagumu maana vyeo vinadanganya sana, utakuta watu watatu, mmoja "afisa", mwingine "mratibu", mwingine "msaidizi mwandamizi", na wote kutwa wanaingiza ankara kwenye kompyuta. Hao ni kundi moja. Hata Shirika la Kazi Duniani kwenye mpangilio wake wa ISCO-08 linagawa kazi zote kwenye makundi makuu 10 kwa kuangalia mtu anafanya nini na inahitaji ujuzi gani, sio kwa jina la cheo. Kaa na wasimamizi uwaulize fulani anafanya nini hasa, itakula wiki nzima lakini usiruke hapo.

Wa nusu siku nao nawahesabu kama mtu mzima?

Weka safu mbili, vichwa na masaa. Watu 6 wa nusu siku ni vichwa 6 ila kazi yao ni ya watu 3. Viti na kompyuta unapanga kwa vichwa, kazi unapanga kwa masaa. Vibarua nao waandike, ila kivyao.

Kila idara inalia haina watu, nitajuaje nani anasema kweli?

Pima kazi jamani! Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kuhesabu watu wanaohitajika kwa kuangalia wingi wa kazi, inaitwa WISN, ilianzia kwenye vituo vya afya ila hesabu yake inafaa kwingi. Mwaka una siku za kazi kama 260, toa likizo, sikukuu, kuumwa na mafunzo, tuseme zinabaki 210. Kama mtu anamaliza mafaili 6 kwa siku basi kwa mwaka ni 1,260, sasa idara ikipokea mafaili 12,600 inahitaji watu 10, na kama wapo 7 basi wanalia kwa haki kabisa, wasikilizeni. Ila hiyo 6 ipime kwa siku za kawaida, usiichukue kwa yule mmoja mwenye spidi kuliko wote.

Mwaka jana walituacha 8 kati ya 40, ni wengi?

Ni asilimia 20, lakini wametoka wapi? Kama wote 8 ni mafundi na mafundi mlikuwa nao 12, hapo mmepoteza theluthi mbili ya kundi zima na ile 20 inawafichia. Angalia na umri pia, waliobakia 4 wakiwa wote wanakaribia kustaafu anza kufundisha wengine leo, fundi hapatikani kwa mwezi mmoja.

Naweza kuwatumia mameneja wote hiyo listi?

Tuma idadi, majina na mishahara ibaki kwako. Na kazi yenye mtu mmoja tu iunganishe na kundi la jirani, la sivyo kila mtu atajua ni nani anayesemwa.