Kabla Hujaingia Arabuko-Sokoke Kutafuta Mitego

Wengi mnaojiunga nasi kutoka Malindi mjini kuondoa mitego katika msitu huu wa pwani ya Kenya huja mkimfikiria jangili mwenye bunduki. Huyo hamtamwona. Mtakachokiona, tena mkiwa makini, ni waya wa breki ya baiskeli uliofungwa tanzi na kutegwa kwenye kijia cha wanyama.

Tembeeni polepole, macho yasipande juu ya goti. Kwenye miti ya mirihi mchanga ni mweupe na nyayo husomeka vizuri. Upande wa udongo mwekundu vichaka vimesongamana, na pengine mtatambaa. Tafuteni vijiti vilivyosimikwa kama ua mdogo wenye pengo moja: paa hakwepi pengo, hupita hapohapo. Mche ukiwa umepindwa hadi chini, simama, ita askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mnayefuatana naye. Msikate kitu kabla hajaandika mahali. Halafu fuateni ua mpaka mwisho wake, maana anayetega hategi mmoja. Na waya wote utoke nanyi msituni. Ukiutupa kichakani umemrudishia mwenyewe.

Mtego hauchagui. Umetegewa paa, lakini atanaswa hata sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama wa nusu kilo hivi anayeishi dume na jike katika eneo lao, na ambaye hapatikani popote duniani nje ya Kenya. Mtegaji mwenyewe hata hamtaki.

Kuna watakaowacheka kwa kuhangaikia kidude kama hicho. Waambieni habari za chui milia wa Asia. Kambodia ilimpiga picha wa mwisho kwa kamera ya msituni mwaka 2007, na nyaya kama hizihizi zimechangia pakubwa, kwa sababu huua chui milia na pia huua kulungu na nguruwe mwitu anaowala. Miti inaweza kubaki imesimama na chini yake kusiwe na kitu. Nepal ililinda misitu pamoja na mawindo, ikatoka chui milia 121 mwaka 2009 hadi 355 mwaka 2022. Kwa hiyo kazi hii inalipa, ila kwa miaka, si kwa wikendi.

Vijijini, salimieni wazee kwanza, kaeni, na msiulize nani katega. Mimi naona swali hilo hufunga midomo kijiji kizima. Ulizeni mvua, mahindi, ndovu walioingia shambani. Wengine watawaonyesha vifukofuko vya vipepeo wanavyouzia mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993; mwenye kipato hicho ana sababu yake ya kutaka msitu ubaki. Si kila nyumba inafuga vipepeo, lakini.

Mkikuta kinyesi cha ndovu kingali na mvuke, askari ndiye ataamua njia, hakuna mjadala. Njooni na buti, maji ya kutosha na koleo la kukatia waya. Letu limeanza kugoma.