Maswali Yenu: Peva, Unga Mweupe na Maji ya Jirani

Mvua za Machi zimefika, na maswali ya kompaundi, yaani uwanja wa nyumba, na ya peva, yale matofali ya zege ya kutandika chini, yamefika nazo. Mengi yanauliza rangi. La rangi nitajibu moja tu, wengine mtanisamehe.

Nichukue peva nyekundu au za kijivu? (Kira)

Yoyote. Ila kabla hujalipa, vunja moja. Rangi ikiwa ngozi nyembamba kama karatasi, imepakwa tu, na matairi yataimaliza. Halafu uliza zimemwagiliwa maji siku ngapi. Zege hukomaa kwa maji na muda, ndiyo maana wahandisi huipima siku ya 28. Kando ya barabara zetu kuna peva zilizofyatuliwa Jumatatu na kupakiwa kwenye lori Ijumaa. Gonganisha mbili: zilizokomaa hulia kama chungu kizima, mbichi hutoa mlio wa kuziba.

Vigae vilivyobaki sebuleni, niviweke barazani? (Mukono)

Hapana. Siku ya mvua mama mkwe atakuja kukusalimia, na utampeleka hospitali.

Peva zangu za milimita 60 zimeshuka gari linapopita, miezi minane tu. Nimdai aliyeniuzia? (Jinja)

Swali hili nimelijibu mara ngapi? Muuzaji muache. Milimita 60 zinabeba gari dogo bila shida. Malori ndiyo yanataka 80. Kilichoshuka ni udongo wako.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanga peva juu ya shimo la takataka lililofukiwa, kwa haraka ya harusi ya dada yangu. Wageni walikula vizuri. Msimu wa mvua uliofuata nilikuwa na kidimbwi mbele ya mlango.

Ng'oa zote. Ondoa udongo mweusi wenye mizizi mpaka ufike kwenye udongo mgumu. Mwaga moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, kwa matabaka, lisizidi sentimita 15 kila moja, lowanisha, shindilia kwa mashine. Vijana wawili na gogo hawatoshi. Juu yake vumbi la kokoto, sentimita 3 hadi 5 na si zaidi. Fundi anayeficha mabonde kwa mchanga mwingi anakuandalia mabonde yaleyale. Kisha funga pembeni kwa kingo za zege, maana bila kingo peva hutembea. Mwisho fagia mchanga mkavu kwenye nafasi na upitishe mashine tena. Kazi ya chini ndiyo inayokula pesa, ndiyo maana mafundi wengi hawaitaji kwenye bei ya kwanza.

Peva mpya zimetoa unga mweupe. Fundi anataka kuziosha kwa asidi. (Entebbe)

Mzuie getini. Huo ni chokaa cha saruji: maji yanakitoa ndani, kinakutana na hewa na kuganda juu. Hauondoi nguvu ya peva. Piga brashi kavu, subiri misimu miwili. Asidi inakula saruji yenyewe, na ukimaliza utakuwa na peva zenye vipele.

Matofali ya tanuru la kijijini kwa njia ya bustanini? (Masaka)

Yanakunywa maji na kumenyeka. Usiniambie mbona vigae vya udongo vya paa vya Kajjansi vinadumu. Vile vimeiva kiwandani, na maji hayatuami juu yake.

Nataka kuziba kompaundi yote, nimechoka na tope. Nyenzo gani bora? (Namugongo)

Hapa tukae kidogo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu mita za mraba 465. Mvua ya milimita 30, ambayo Kampala huiangusha mchana mmoja bila kutoa jasho, inamwaga hapo takriban lita 14,000, ukihesabu na paa. Ni mapipa 70 ya lita 200. Ukiziba kila mahali, mapipa hayo yanakwenda wapi? Kwa jirani wa chini, kisha kwenye mfereji wenye chupa za plastiki, kisha Bwaise kule bondeni, ambako watu watapandisha magodoro juu ya meza. Halafu jioni sote tunailaumu serikali.

Ziba njia ya magari na ya miguu tu. Inamisha sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea bustanini, kamwe si ukutani. Pa kuegesha gari weka peva zenye matundu na upande nyasi za pasipalamu ndani. Chini ya michirizi ya paa mwaga kokoto. Acha duara pana kuzunguka mwembe wako; ukiubana kwa zege, mizizi itainua zege. Na kama ploti yenyewe ni kinamasi kilichofukiwa, tatizo lako halianzii kwenye peva, na unalijua.

Nyasi bandia je? (Ntinda)

Vua viatu uzikanyage saa nane mchana, kisha uniandikie.