Mkonge ukishatoa mlingoti, kuukata hakurudishi majani

Mkuu, umeuliza mambo matatu kuhusu mkonge wako wa kule kati ya Muheza na Pangani: ukiukata mlingoti (ule mti mrefu wa maua) uliochomoza, mmea utaendelea kutoa majani? Miche mipya utaipata wapi, kuna mbegu? Na kwa nini wenyewe unasimama kiangazi chote wakati mahindi ya jirani yameshakauka? Naanza na la mlingoti, maana ndilo linalopotezea wakulima wengi muda.

Jibu ni hapana, hautatoa jani jingine. Chukua mkonge mmoja uliozeeka, ondoa majani, kisha lipasue bonge la shina kwa panga kutoka juu kwenda chini. Pale kileleni, katikati kabisa, kuna kisehemu kidogo cheupe, laini. Hapo ndipo kila jani ulilowahi kuvuna lilipozaliwa. Jani huanza likiwa limekumbatiana na wenzake kwenye ule mkuki wa katikati, halafu linafunguka na kusukumwa nje na yanayofuata. Mwembe una ncha za kukua kwenye kila tawi. Mkonge kwa kazi ya majani unategemea hiyo moja. Siku unapoanza kuchanua, ncha hiyohiyo inaacha kutengeneza majani na kugeuka mlingoti. Mlingoti haukuota pembeni ya mmea. Ni kilele chenyewe kilichobadilisha kazi, na kazi hiyo haina kurudi nyuma.

Dalili zake huonekana mapema ukiwa na jicho: majani ya katikati yanatoka mafupi na membamba kuliko ya chini, na mkuki unakonda. Baadaye mlingoti unafyatuka hadi mita 5 au 6 kwa muda mfupi sana ukilinganisha na miaka iliyotangulia. Chakula cha kujenga kitu kirefu namna hiyo hakikutengenezwa wiki ile. Ni sukari iliyowekwa akiba kwenye bonge na kwenye vitako vya majani kwa miaka yote. Kule Mexico, mkonge ulikotoka, wanapika mabonge ya jamaa yake na kupata tequila kwa sababu ya akiba hiyohiyo.

Hapo ndipo swali lako la kiangazi linapoingia. Mahindi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kila vikifunguka maji yanatoka kama mvuke. Mkonge unafanya kinyume. Vitundu vyake hufunguka usiku, wakati joto limepungua na hewa ina unyevu. Hewa ya kaboni inayoingia haiwezi kuwa sukari gizani, kwa hiyo inafungwa kwenye asidi na kuwekwa ndani ya seli. Kukipambazuka vitundu vinajifunga, asidi inavunjwa, kaboni inaachiliwa ndani kwa ndani, na mwanga wa jua unaikamilisha kuwa sukari. Ukitaka kuthibitisha, kamua kipande cha jani alfajiri na kingine saa kumi jioni, upime kwa karatasi ya kupimia kiwango cha asidi: maji ya alfajiri yana asidi zaidi. Usionje, na usiyaache yakurukie ngozini au machoni, yanawasha vibaya.

Lakini ustahimilivu huo una bei. Ghala la asidi ndani ya seli lina ukubwa wake. Likijaa usiku, basi. Ndiyo maana mkonge unakua polepole na unahitaji miaka miwili na nusu hadi mitatu kabla ya mkato wa kwanza. Na kwa kuwa asidi hiyo inahitaji jua la mchana ili iwe sukari, usiupande chini ya minazi iliyosongamana. Watu husikia "haujali ukame" wakadhani haujali na kivuli. Unajali sana. Kadhalika maji yaliyotuama: hauna mzizi mkuu, mizizi yake mingi iko kwenye udongo wa juu, na bondeni kitako kinaoza.

Kosa kubwa ninaloliona mashambani ni kukata kupita kiasi. Jani ndilo linalotengeneza sukari, na singa unayoiuza ni nyuzi zilizowekwa kulisimamisha jani hilo. Likate jani la mkonge kwa upana ulitazame: nje ngozi yenye nta, chini yake tabaka la kijani, katikati nyama nyeupe ya kutunza maji, na nukta nukta ngumu zilizotawanyika. Nukta hizo ndizo singa, na kwa uzito ni kama asilimia 4 tu ya jani bichi. Kwa hiyo ukikata majani kilo 100 unapata kilo 4 au pungufu, huku mmea umepoteza kiwanda kizima. Mkato wa kwanza anza majani yakifika sentimita 60, na uache yasiyopungua 25 juu. Mikato inayofuata usishuke chini ya 20. Mkonge ulionyolewa ukabaki na majani manane hautoi mengine kwa kasi. Unatoa mafupi, na singa fupi haina bei.

Sasa miche. Usitafute mbegu. Mkonge huu wa kawaida ni nadra kuzaa mbegu, kwa sababu seti zake za kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) ni tano, hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na yai. Maua yakidondoka, kwenye vikonyo vyake vinaota vichipukizi vyenye majani madogo, hata elfu moja na zaidi kwa mlingoti mmoja. Kila kimoja ni nakala ya mama yake. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipouleta mkonge mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, Pangani, na mashamba makubwa ya zamani ya Tanga yalitokana na hiyo. Faida yake ni shamba linalofanana. Hasara ni kwamba ugonjwa unaoushinda mmoja unaushinda wote. Chotara 11648 wa kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, alitengenezwa kwa kuvusha chavua baina ya aina tofauti, na kwa maisha yake hutoa majani kama 600, wakati wa kawaida huishia 200 hadi 250. Ukimpata, mchukue.

Kwa hiyo mlingoti wako usiukate sasa. Uache, na uache majani yawe bado juu, kwa sababu vichipukizi vinanyonya huko. Vikikaribia kudondoka vyenyewe, angusha mlingoti, chagua vya sentimita 10 kwenda juu, vidogo vitupe. Mama wenye miiba pembeni mwa majani au madoa usichukue chochote kwake. Kitaluni weka sentimita 25 kwa 50, fukia kitako tu. Udongo ukiingia moyoni, pale katikati majani yanapochipukia, kichipukizi kinaoza. Palilia bila kuchoka kwa miezi 12 hadi 18, hadi miche ifike sentimita 30 au 40. Maotea yanayochomoza ardhini kuzunguka mama nayo ni nakala, lakini umri wake umechanganyika na shamba lake halivuniki kwa pamoja. Mimi ningeyang'oa, maana yanakula akiba ya mama.

Kupanda shambani: mistari miwili miwili, mita 1 kati ya mistari pacha, mita 4 ya njia, na sentimita 80 mche hadi mche. Ni miche kama 2,000 kwa ekari. Usihofu mche ukikaa kivulini wiki mbili ukisubiri mvua, maji yake unayo ndani. Punguza mizizi iliyokauka kwa kisu, panda wima, shindilia, na hakikisha moyo uko juu ya usawa wa udongo hata baada ya mvua ya kwanza kuushusha. Vichipukizi vikishakwisha kwenye mlingoti, ndipo uvune majani yote yaliyobaki kwa mama, mpaka la mwisho, kisha ung'oe bonge.