Kuandika Kila Wiki Bila Kuishiwa

Vijana wanaotaka kuandika makala za mtandaoni kwa Kiswahili hunijia na swali ambalo tayari wamelijibu wenyewe: husema kwamba wamekosa nidhamu, kisha huuliza waipate wapi. Mimi siamini kwamba tatizo lao ni nidhamu. Wengi wao huvuka kivuko cha Likoni asubuhi na jioni kwenda kazini na kurudi, wengine huamka usiku kukanda unga wa mahamri ya kuuza, na kazi hizo hawazikosi mvua ikinyesha au isinyeshe. Nidhamu wanayo. Wanachokosa ni kitu cha kuandika pale wanapoketi kuandika. Hufungua kompyuta wakiwa mikono mitupu, wakitumaini kwamba fikra itawajia kwa kuwa wameketi, na isipowajia hujiita wavivu.

Nimekuwa nikiandika juu ya mji huu wa Mombasa kwa miaka mingi sasa, na ushauri wangu mkubwa ni huu: kukusanya ni kazi moja na kuandika ni kazi nyingine, na hiyo ya kukusanya ndiyo inayostahili kupewa muda mrefu zaidi. Makala ya wiki hii haina budi kutokana na mambo yaliyokwisha kuingia daftarini zamani kidogo, ili unapoketi usiwe na kazi ya kutafuta la kusema, bali ya kuchagua na kupanga. Mwandishi anayetafuta na kuandika kwa wakati mmoja huchoka mara mbili, na mara nyingi huishia kuandika maoni matupu, kwa sababu maoni hayahitaji mtu kutoka nyumbani.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, kwani ushauri wa jumla haumsaidii mtu. Asubuhi moja nilipita soko la samaki lililo karibu na Bandari ya Kale nikaona pweza wamejaa mezani kuliko kawaida. Nilimwuliza muuzaji, mzee wa makamo aliyekuwa akiwamwagia maji, "Ami, mbona leo pweza wengi hivi?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwanangu, kwani jana usiku hukuutazama mwezi? Hii bamvua." Nikabaki pale kwa muda, nikimpisha kila alipofika mnunuzi, naye akanieleza mambo ambayo mtu wa pwani huyasikia tangu utotoni bila kuyaunganisha: kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua, kwamba siku hizo, hapa kwetu, maji hufikia mwisho wa kupwa karibu na saa nne asubuhi, wakati mwafaka kabisa wa kutembea mwambani na kumchokoa pweza pangoni mwake, na kwamba yakiingia maji mafu, yaani siku za kujaa na kupwa kidogo, bahari huwa haiendi mbali na pweza huadimika. Dagaa nao wana hesabu yao, kwa kuwa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri zaidi katika usiku wa giza usio na mwezi.

Nilipoondoka pale niliandika ukurasa mmoja tu wa daftari dogo linaloingia mfuko wa shati. Niliandika tarehe, mahali, kazi ya mtu niliyezungumza naye, na maneno yake kama alivyoyasema, hasa neno bamvua na namna alivyolitumia. Bei nayo niliiandika. Ukurasa huo haukuwa makala, wala sikuulazimisha uwe makala siku hiyo. Baadaye ulizaa makala juu ya uhusiano wa mwezi na bei ya kitoweo mjini, ukazaa nyingine juu ya madema, yaani mitego ya samaki, na watu wanaoyasuka, na maswali uliyoyaacha wazi bado yamo daftarini yakingoja mtu wa kunijibu. Hicho ndicho ninachokiita akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ya mwandishi huoza kidogo: bei hubadilika, viongozi hubadilika, barabara hufungwa na kufunguliwa. Ndiyo maana hakuna ukurasa wangu usio na tarehe.

Maneno ya mtu yaandikwe siku hiyohiyo. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote ya daftari, kwa kuwa baada ya siku mbili utakumbuka maana ya alichosema, lakini utakuwa umepoteza lugha yake, na lugha hiyo ndiyo inayomfanya msomaji wa Kibokoni au wa Kisauni aamini kwamba kweli ulikuwapo. Ukiwa njiani na huwezi kuandika, kwa mfano ndani ya feri watu wamebanana, jirekodi kwa sauti ukifika ng'ambo, kisha unakili jioni. Mwombe ruhusa unayezungumza naye kabla ya kumrekodi yeye mwenyewe. Akikataa, andika kwa mkono, na asipotaka jina lake litajwe, kazi yake inatosha.

Jambo la pili ni umbo. Wengi huchoka kwa sababu kila makala kwao ni jengo jipya linaloanzia msingi. Tutazame alivyofanya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, ambaye wataalamu humsifu kwa kuyatoa mashairi msikitini na kuyapeleka sokoni. Alitunga juu ya vita vya Wamazrui na Sayyid Said, juu ya mapenzi, juu ya njaa na ukata, juu ya wanafiki wa mji, na sehemu kubwa ya tungo zake imo katika umbo lilelile: beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane. Umbo alikuwa nalo kichwani tayari, na mji ulikuwa ukimpa habari. Lilibaki moja tu, kusema. Nami nina maumbo machache ninayoyarudia bila aibu: mahali pamoja na historia yake, mtu mmoja na ufundi wake, swali moja na majibu ya watu wanaotofautiana. Ninapokuwa na maelezo ya kutosha, huwa najua ni umbo lipi yataingia hata kabla sijaketi. Wapo watakaosema kwamba hilo huchosha wasomaji. Kwa maoni yangu, msomaji huchoshwa na ukosefu wa habari. Umbo halioni kabisa.

Anayedhani kwamba kuandika kila wiki katikati ya shughuli nyingine ni jambo la zama hizi, mji huu una kielelezo chake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha hapa Mombasa gazeti dogo la Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Hakuwa mtu mwenye muda mwingi: alikuwa mwalimu, alikuwa kadhi, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alichoandika kilitoka katika mambo aliyoyaona mjini, yaani elimu ya watoto, malezi, mila zilizowagharimu watu kuliko uwezo wao, na hali ya Waislamu chini ya utawala wa kikoloni. Kadhi husikiliza watu siku nzima. Sina shaka kwamba mtu wa kazi hiyo hakosi la kuandika.

Kuhusu saa ya kuandika, watu hupenda kubishana, lakini Mombasa yenyewe inaamua mengi. Mji uko karibu digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo saa ya kuchomoza jua haibadiliki sana mwaka mzima, na anayeanza kuandika baada ya sala ya alfajiri anaweza kuwa na saa moja na nusu ya utulivu Januari sawasawa na Julai. Mimi huandika wakati huo, kabla honi za matatu hazijaanza na kabla ukuta haujashika joto. Katika miezi ya mwisho ya kaskazi, hasa Februari na Machi, mchana ni mzito na usiku haupoi, na mtu anayejipangia kuandika saa tisa alasiri chini ya feni anajitafutia lawama. Saa hizo nazitumia kwa kazi zisizodai akili kali: kunakili sauti, kupanga picha, kuhakiki majina ya mitaa.

Misimu ina faida nyingine ambayo sijaona ikitajwa na wanaotoa ushauri wa uandishi. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu na bahari kuchafuka, vyombo vidogo vingi haviendi mbali, na wavuvi hukaa nchi kavu wakitengeneza nyavu na kukarabati mashua. Huo ndio wakati wa kuwaendea, kwa sababu mikono yao ina kazi lakini vinywa viko huru. Kaskazi inaporudisha bahari shwari, wao hutoka, nawe ubaki nyumbani na daftari lililojaa. Kila kazi ina majira ya namna hiyo. Fundi cherehani usimwendee siku za kukaribia Idi, wala mwalimu wakati wa mitihani.

Ramadhani ihesabiwe mapema. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa kawaida, mwezi huo hausubiri mahali pamoja, na ratiba nzuri ya mwaka jana yaweza kuvunjika mwaka huu. Mimi huandika zaidi katika Shaabani, mwezi unaoitangulia Ramadhani, huweka makala fupi kwa ajili ya mwezi wenyewe, na baada ya tarawehe, mji unapokuwa macho na mabaraza yamejaa, natoka kusikiliza.

Wiki mbaya itakuja vilevile bila msimu: mtoto ataugua, kutakuwa na msiba, umeme utakatika. Kwa hiyo ahadi unayowapa wasomaji ipimwe kwa wiki mbaya, usiipime kwa wiki ambayo kila kitu kilikwenda sawa. Ikiwa katika wiki ngumu unaweza kumaliza makala moja ya maneno mia sita, basi hiyo moja ndiyo ahadi yako, na ya ziada iwekwe kabatini isubiri. Wanaoahidi makala kila siku nawavulia kofia, ila wengi wao siwaoni tena masika inapofika.

Usitegemee intaneti wakati wa kuandika, ingawa tunaishi pale inapoingilia nchini. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, na zimetupa kasi ambayo kizazi kilichotangulia hakikuijua, lakini mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, huduma ilidorora Afrika Mashariki nzima, nasi tulio karibu na mtambo hatukusalimika. Rasimu zangu zote zimo ndani ya mashine yenyewe na katika kadi ndogo ya kuhifadhia, na marejeo ninayoyahitaji huyapakua mapema. Faida ya pembeni ni kwamba ujumbe wa simu haunipati alfajiri.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazokuandikia makala kwa dakika moja, nitasema kwa kifupi. Zinaweza kukusaidia kupata kosa la tahajia. Sokoni haziendi, na mwezi wa jana usiku hazikuuona.

Hariri kwa masikio. Ninapomaliza rasimu huiacha ilale angalau usiku mmoja, kisha huisoma kwa sauti, na sentensi inayonikata pumzi huivunja, isipokuwa pale urefu wake unapobeba maana. Hapo ndipo ninapohakiki kila mwaka, kila jina na kila kiasi nilichotaja, nikianza na vile ninavyodhani navijua vizuri. Nikiandika, kwa mfano, kwamba Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, huifungua rejea hata kama nimeziandika tarehe hizo mara nyingi. Kazi hiyo huchukua robo saa, na huniepusha na kurudi kurekebisha makala ambayo watu wamekwisha kuisambaza.

Zitabaki rasimu zinazokataa kuisha. Hizo usizikalie. Ikiwa rasimu imepita msimu mzima bila kusogea, mara nyingi sababu ni kwamba kuna mtu mmoja hujazungumza naye au mahali pamoja hujafika, na hakuna kiasi cha kuketi mezani kitakachoziba pengo hilo. Andika juu ya rasimu jina la mtu huyo au mahali hapo, irudishe daftarini pamoja na kurasa nyingine, na ufanye makala iliyo tayari.