Chura mzima kabisa, kwanini azuiliwe mpakani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Ifakara, nina jamaa yangu alikuwa anakamata vyura na vinyonga wa kuuza nje kabla serikali haijafunga biashara ya wanyama hai 2016. Anasema siku hizi hata wazungu wameweka sheria kali kwa wanyama jamii ya chura, eti ugonjwa. Sasa chura anaruka, anakula vizuri, huo ugonjwa uko wapi?

JIBU: Ndugu yetu, hapo kwenye "anaruka, anakula" ndipo tatizo lilipo. Huu ni ugonjwa wa fangasi wa ngozi, wataalamu wanamuita kitridi, na chura ngozi ndiyo kila kitu, anapumua nayo, anakunywa maji nayo, sasa fangasi akishamshika ngozi inaharibika, chumvi za mwilini zinavurugika mpaka moyo unasimama. Ila wapo wanaombeba bila kuumwa! Wale vyura wa kucha wa kusini mwa Afrika, waliosafirishwa dunia nzima tangu miaka ya 1930 kwa ajili ya kupimia mimba, wengi wako hivyo. Na vijidudu vyake vinaogelea, kwahiyo maji ya boksi la safari ukiyamwaga mtaroni umeshamwaga ugonjwa, hata kama chura mwenyewe hajatoka ndani.

Fangasi huyo akifika porini anafanya nini, mifano mnayo huko huko kwenu. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano anayezaa watoto badala ya mayai, aligundulika 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme likapunguza maji (lawama yake lipewe), halafu 2003 fangasi akaonekana na vyura wakaisha haraka sana, 2009 ikatangazwa hayupo tena porini. Kilichomuokoa ni wale karibu 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, vizazi vyao ndivyo vilivyoanza kurudishwa Kihansi 2012.

Huko Ulaya fangasi mwingine, ndugu yake huyo, alitambuliwa 2013, katokea Asia kwenye biashara ya wanyama wa kufuga, akamaliza karibu salamanda wote wa eneo moja Uholanzi. Salamanda ana umbo kama mjusi lakini ngozi yake mbichi kama ya chura. Marekani hawakusubiri yawakute, Januari 2016 wakazuia kuingiza aina 201 za salamanda. Umoja wa Ulaya 2018 wakaja na karantini na vipimo.

Mimi naunga mkono vipimo zaidi kuliko orodha ya majina, kwa sababu baadae fangasi huyo wa salamanda alikutwa kwa vyura walioletwa Ujerumani kutoka Vietnam, na vyura hawakuwa kwenye ile orodha ya Marekani. Hata kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kinaangalia kama mnyama anaisha porini, hakiulizi kama anaumwa. Kipimo chenyewe wala hakimuumizi, unapitisha kijiti cha pamba tumboni, mapajani na kwenye vidole, kinaenda maabara. Na salamanda akikutwa nao, kumuweka kwenye joto la nyuzi 25 siku 10 kunamuua fangasi wake.

Kwahiyo jamaa yako mwambie, biashara ikifunguliwa tena wadai hicho kipimo kabla ya mzigo kuondoka, na maji ya maboksi yatiwe klorini kwanza kabla ya kumwagwa.